Zamu ya Maji

Faili la kifo cha Mzee Yoeli wa Kikwe lilikuwa na kurasa sita tu, na Inspekta Hedwiga Temba alikuwa amezisoma mpaka akazijua kwa moyo. Kurasa sita kwa mtu mmoja aliyekufa na mwingine aliyefungiwa! Faili la kuku aliyeibwa Kijenge mwezi uliopita lilikuwa nene kuliko hilo, na kuku mwenyewe alipatikana.

Maelezo yalikwenda hivi. Jumamosi ya pili ya Julai, mwaka huo wa 1994, magari ishirini na matatu ya mashindano yalipita Kikwe yakirudi Arusha mjini. Mbio zilidhaminiwa na Kampuni ya Sigara ya Kilele, sigara mpya iliyoingia nchini baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Tangu iingie, hapakuwa na ukuta wala nguzo mjini iliyosalimika na nembo yake: wekundu, weupe, na kilele cha mlima katikati. Saa kumi na mbili jioni wanakijiji waliukuta mwili wa Mzee Yoeli mtaroni kando ya barabara. Alikuwa amegongwa na gari. Gari lipi? Asubuhi ya mbio ilikuwa na ukungu mzito ambao haukuinuka mpaka saa nane mchana; madereva wote ishirini na watatu waliapa hivyo, tena kwamba hawakumwona mtu. Basi, kwa kuwa gari halikujulikana, akatafutwa mtu anayejulikana.

Akapatikana Lemburis. Huyu alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, mlinzi wa nyumba ya tajiri mmoja huko Sekei. Klabu ya mbio ilimchukua kwa siku moja akashike kamba pale Kikwe, asivuke mtu magari yakipita. Ikadaiwa kwamba aliinua kamba akampitisha mzee. Tena askari waliopekua chumba chake walikuta katoni nzima ya sigara za Kilele chini ya kitanda, na Lemburis hajavuta sigara tangu azaliwe. "Hongo," iliandikwa kwenye ukurasa wa tano, na neno likapigiwa mstari.

Hongo ya nani? Mkulima wa mahindi ampe mlinzi katoni ya sigara ili avuke barabara kwenda shambani kwake mwenyewe? Hedwiga alipouliza hivyo, mkuu wake, Mrakibu Romanus, alivua miwani akaipangusa polepole.

"Kampuni imetoa jeneza. Imeleta na shada la maua. Watu wametulia," alisema. "Jumatatu saa tatu mshtakiwa anapanda kizimbani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Leo ni Jumamosi. Ukipata kitu, niletee. Usipopata, usiniletee huruma."

"Nimekuelewa, afande."

Alikuwa amemwelewa, lakini pia alikuwa amemsikiliza Lemburis mahabusu siku iliyotangulia. "Mimi ni mchungaji tangu utoto, afande," Lemburis alimwambia akiwa amesimama wima, mikono nyuma. "Nilihesabu magari ishirini na matatu kama nilivyoagizwa. La mwisho lilipita saa sita na dakika kumi. Nikakunja kamba, gari la klabu likanichukua. Mchungaji anajua kama amepoteza mnyama kabla hajafika zizini. Mimi sikupoteza mtu." Nje ya kituo mkewe, Namnyaki, alikuwa akishinda chini ya ukuta na kibuyu cha maziwa, siku ya kumi na nne sasa. Kila asubuhi Hedwiga alimpita, na kila asubuhi ilimwia vigumu zaidi kumtazama usoni.

Kikwe alifika saa nne kasorobo. Koplo Lesian, aliyekuwa akiendesha Land Rover, aliegesha chini ya mti, wakaanza kupima. Mtaro ulipokutwa mwili, hatua tatu kutoka barabarani. Mahali alipokuwa amesimama Lemburis na kamba yake, hatua arobaini. Upande wa juu wa barabara ulikuja mfereji wa kumwagilia kutoka mlimani, ukipita nyuma ya mashamba ya watu. Upande wa chini palikuwa na shamba moja tu, la mahindi, nalo lilikuwa la marehemu. Kutoka mfereji hadi shamba hilo, kijia cha maji cha kina kifupi, kilichopangwa mawe, kilikatiza barabara. Kilikuwa kikavu, na udongo wake umepasuka.

Hedwiga alichuchumaa akaugusa udongo. "Hapa maji hupita lini?"

"Mimi ni mtu wa ng'ombe, afande," Lesian alijibu. "Maji kwangu ni ya kunywa."

Hedwiga hakucheka. Alikuwa amezaliwa Kibosho, na babu yake alikuwa mzee wa mfereji. Alijua kwamba maji ya mfereji hayana mwenyewe, lakini yana saa. Kila nyumba ina zamu yake, na zamu haiachwi mpaka mwenye kumaliza amkabidhi anayeanza, ana kwa ana, pale pale kwenye mlango wa maji. Ndiyo maana ukurasa wa nne ulikuwa ukimsumbua kuliko zote. Uliandikwa kutoka kinywani mwa jirani wa marehemu, aitwaye Elihuruma: siku ya mbio, zamu yangu ilikuwa saa sita hadi saa tisa, saa tisa nilimngoja Yoeli nimkabidhi maji, hakutokea, nikafunga mlango nikaenda zangu. Kwa hiyo kufikia saa tisa Yoeli alikuwa ameshakufa, na kwa hiyo aliuawa na magari ya asubuhi, na kwa hiyo mwenye kosa ni mshika kamba. Ushahidi huo ndio uliomfunga Lemburis.

Mjane wa marehemu, Ndeshi, walimkuta nje ya nyumba akipukuchua mahindi. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na ushei, amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja tena na karatasi?"

"Karatasi nimeziacha garini. Nimekuja kukusikiliza."

Ndeshi alimsogezea kigoda. Siku ya mbio, alisema, alidamka alfajiri kwenda kuuza ndizi gulioni Tengeru, akarudi jua likizama. Alikuta watu wamejaa barabarani na mumewe amefunikwa shuka.

"Tangu siku hiyo umekwenda shambani?"

"Kesho yake. Nilikwenda kutafuta jembe lake. Sikutaka lilale nje, yeye mwenyewe hakulilaza nje hata siku moja." "Nililikuta katikati ya mahindi, limetupwa mbali, mpini umevunjika."

Hedwiga na Lesian walitazamana. Askari wa kwanza walikuwa wamepekua barabara na mtaro. Shambani hawakuingia.

"Na shamba lilikuwaje, mama? Kavu au limelowa?"

"Limelowa. Mistari minne imekunywa vizuri kabisa. Mstari wa tano maji yamefurika mpaka yakabomoa udongo, mahindi yamelala. Nilisikitika. Yoeli asingeacha maji yabomoe."

"Zamu nzima hunywesha mistari mingapi?"

"Kumi na miwili, kwa saa tatu."

Robo saa kwa kila mstari. Hedwiga alihesabu kimyakimya, kisha akahesabu tena. "Mbona haya hukuwaambia askari?"

"Waliniuliza kama nililiona gari. Sikuliona. Wakafunga daftari." Ndeshi aliacha kupukuchua. "Nami nilidhani mbio zilikuwa za kutwa. Kwani magari yaliisha kupita saa ngapi?"

"Saa sita na dakika kumi."

Mama yule aliliweka gunzi chini. Huzuni yake ilikuwa bado ile ile, lakini sasa ilikuwa imeanza kuuliza maswali. "Saa sita maji hayakuwa yake," alisema. "Zamu yake ni saa tisa. Na Yoeli hakuwahi kuiba maji, hata dakika moja. Kaulize kijiji kizima."

"Nakwenda kuuliza, mama. Naliomba hilo jembe."

Elihuruma alikuwa akiishi hatua chache juu ya barabara. Alikuwa na miaka kama sitini, mchangamfu, mwepesi wa kukaribisha, na kichwani alivaa kofia nyeupe yenye mstari mwekundu na nembo ya Kilele mbele. Alisimulia upya habari ya zamu yake bila kukosea neno, kama mtoto anayesoma shairi darasani. Wakati akisimulia, Lesian alijisogeza karibu na bosi wake.

"Afande, ile kofia," alinong'ona. "Siku ile nilikuwa zamu uwanjani mjini, mbio zilikoishia. Kofia hizo zilitolewa pale tu, kwa bahati nasibu, baada ya saa nane. Nilisukumana na watu mpaka kifungo cha shati kikakatika. Huku vijijini waligawa viberiti."

Hedwiga aliitikia kwa kichwa, akamgeukia mwenyeji. "Mzee Elihuruma, kofia nzuri. Umeipata wapi?"

"Hii? Ya mbio."

"Uligaiwa hapa?"

"Hapa hapa."

"Siku ile yalikuja malori ya kampuni kubeba watu bure kwenda uwanjani kusikiliza muziki. Yaliondoka saa ngapi?"

"Saa saba. Kijiji kizima kilikwenda. Mimi nilibaki na maji yangu."

"Ukakaa mpaka saa tisa, ukafunga mlango wa maji kwa mikono yako."

"Kabisa."

"Yoeli hakuja."

"Hakuja, masikini."

"Basi nisaidie," Hedwiga alisema. "Shamba la Yoeli limelowa mistari minne, na wa tano umefurika. Maji hayana miguu. Nani aliyefungua mlango wa upande wake? Na koplo wangu huyu alikuwa uwanjani. Anasema kofia kama hiyo haikugaiwa mahali pengine popote."

Elihuruma aliivua kofia akaiangalia ndani, kana kwamba jibu liliandikwa humo. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukingoni. Alikaa chini juu ya jiwe.

"Nilipanda lori," alisema. "Niliyaacha maji yakienda shambani kwangu bila mtu. Nilijua Yoeli atakuja saa tisa, atafunga kwangu na kufungua kwake. Yeye hakosi. Jioni nikarudi nikakuta msiba, nikawahi kuufunga mlango wa Yoeli. Na wazee wa mfereji wakaniuliza: ulimkabidhi marehemu maji? Ukiacha zamu bila kukabidhi, faini ni kondoo dume, na msimu mzima hupati maji. Msimu mzima, afande! Nikasema nilimngoja hakuja."

"Ukampa marehemu kosa lako."

"Nilijua amekufa. Hawezi kutozwa kondoo."

"Na ulipowaambia polisi?"

"Nilishawaambia wazee. Ningegeuzaje?"

"Kuna mtu yuko ndani wiki mbili kwa hilo neno lako. Mkewe anashinda nje ya kituo."

"Huyo mtu simjui," Elihuruma alisema kwa sauti ya chini. "Si wa hapa."

Hedwiga alitoa kalamu kwa hasira. Alimwandikisha maelezo mapya pale pale, ukurasa na nusu, akamsomea, akamwekesha dole gumba. Kwa kondoo mmoja! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini hapa haki ya mnyonge ilikuwa imeuzwa kwa bei ya mnyama, na aliyeuza hakulala njaa.

Garini alipanga mambo kwa sauti ili Lesian ayasikie. Yoeli alikuja saa tisa, akafunga kwa jirani, akafungua kwake. Alinywesha mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Katika wa tano akagongwa. Ilikuwa imepita saa kumi hivi. Kijiji kitupu, kamba zimeshakunjwa, magari ya mbio yamefika uwanjani kitambo.

"Basi ni gari lolote tu la njiani," Lesian alisema. "Tutalipata wapi sasa?"

Waliendelea na safari mpaka wakaingia Kijenge. Walipofika kwenye kona ya bohari la kampuni ya sigara, walimkuta mtu amepanda ngazi na ndoo ya gundi, akibandika bango jipya ukutani. Karatasi zilikuwa bado zanukia wino.

"Simama, Lesian," Hedwiga alisema.

Bango lilikuwa zuri, hapana ubishi. Gari jekundu na jeupe lilikuwa likija mbio, limeyapasua maji yakaruka pande zote mbili kama mabawa, na nyuma yake Mlima Meru umesimama wazi mpaka ncha, jua la jioni likimeta juu ya kila tone. KILELE. RAHA YA JUU.

"Lesian, unaona nini?"

"Gari la Philemoni, afande. Ndiye aliyeshinda mbio."

"Na nini tena?"

"Mlima. Maji." Lesian alikodoa macho. "Na yale mawe ni ya Kikwe. Tumetoka pale sasa hivi."

"Leo umeona maji pale?"

"Pakavu, afande."

"Panapita maji wakati mmoja tu: mlango wa Yoeli ukiwa wazi. Shamba chini ya barabara ni lake peke yake." Hedwiga alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi. Pembeni kabisa, kushoto, juu ya udongo wa barabara, kulikuwa na kivuli kirefu cha mtu. Mtu mwenyewe alikuwa amekatwa na ukingo wa bango, lakini kivuli kilibaki, kimebeba jembe begani.

Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mabango kama hilo yalikuwa yameshabandikwa mpaka kwenye Mnara wa Saa, na mji mzima ulikuwa ukipita chini yake.

Afisa matangazo wa kampuni, Abdiel Lyatuu, alikuwa boharini akihesabu marundo ya mabango. Kijana nadhifu, tai nyekundu, adabu tele.

"Karibu, Inspekta. Poleni na kazi."

"Asante. Picha hii ilipigwa lini?"

"Siku ya mbio. Asubuhi, gari likipita Kikwe."

"Saa ngapi?"

"Tano hivi."

"Siku ile ukungu haukuinuka mpaka saa nane. Ninao madereva ishirini na watatu walioapa hivyo. Jua hili mlilitoa wapi?"

Abdiel alitabasamu. "Mpiga picha wetu ni fundi."

"Na mlima? Fundi aliyafukuza na mawingu?"

Tabasamu lilipungua kidogo. Hedwiga alifungua daftari. "Wale washika kamba mliwapa nini kwa kazi ya siku ile?"

"Katoni moja ya sigara kila mmoja," Abdiel alijibu haraka, akifurahi kubadilishiwa habari. "Wakitaka wavute, wakitaka wauze. Kwa nini?"

"Kuna mmoja katoni yake imeitwa hongo." Aliandika, akapiga mstari. "Sasa, bwana Lyatuu, maji haya yanavuka barabara ya Kikwe kwa zamu ya mtu mmoja tu, kuanzia saa tisa. Siku ya mbio mtu huyo alinywesha mistari minne ya mahindi. Hakumaliza wa tano. Naomba filamu."

"Iko kwa mpiga picha."

"Nitaifuata. Lakini nikiifuata mwenyewe, maelezo yake yatatangulia na ya kwako yatafuata. Chagua."

Nje, mtu wa gundi alisikika akiburuta ngazi yake. Abdiel aliketi, akafungua droo, akaweka bahasha ya kaki mezani.

"Picha za asubuhi zote zilikuwa ukungu mtupu," alisema. "Wakubwa wakapiga simu: sigara ya Kilele, bango halina kilele? Mchana mlima ukafunguka. Tukamwomba Philemoni arudi Kikwe mara moja tu, kabla hajakabidhiwa kikombe. Tukakuta maji barabarani. Kwetu ilikuwa bahati. Akapita mara ya kwanza, maji hayakuruka vizuri. Mzee akatokea shambani, akatupungia mkono tuondoke, tunambomolea njia yake ya maji. Nikamwambia Philemoni apite tena, kwa kasi, karibu zaidi na ukingo. Maji yakafunika kioo chote. Hakumwona."

"Wewe ulimwona."

"Nilimwona."

"Nani alishuka kumtazama?"

Abdiel aliikodolea bahasha. "Hakuna aliyeshuka."

"Alikuwa hai?"

"Sijui. Wallahi sijui. Shada la maua lilikuwa wazo langu, Inspekta. Nilitaka kufanya kitu."

Hedwiga aliitoa filamu akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Vipande vya mwanzo, ukungu. Kisha mlima. Kisha gari na maji, na kando yake, mzima kutoka kofia mpaka miguu, mzee mwembamba ameinua mkono wa kulia, jembe begani. Kwenye filamu weupe ulikuwa weusi na weusi weupe, lakini alionekana vizuri. Kipande kilichofuata hakikuwa na kitu.

"Simama, bwana Lyatuu," alisema. "Tunakwenda kituoni. Na Philemoni tutampitia."

Jumapili Abdiel alipata wakili, na Jumatatu asubuhi wakili akaja na jambo jipya: mteja wake hakumfahamu mzee aliye pichani, huenda alikuwa mpita njia yeyote, na huenda Yoeli alikufa mahali pengine, saa nyingine. Mrakibu Romanus alimvuta Hedwiga kando kwenye ukumbi wa mahakama. Ilikuwa saa mbili na nusu.

"Mwendesha mashtaka yuko tayari kumwachia yule Mwarusha," alisema. "Lakini anataka mtu aapishwe kwamba huyu kwenye picha ndiye Yoeli. Si wewe. Mtu wake."

"Yupo njiani, afande."

Ndeshi alifika na Lesian saa tatu kasoro dakika kumi, ile nguo nyeusi kichwani, viatu mkononi ili visichafuke. Hedwiga alimkalisha kwenye benchi. Alianza na bango, kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kuanza na picha. Alilikunjua magotini mwa mama yule akamwonyesha ile pembe ya kushoto.

"Mama, sikuambii kitu. Tazama tu, uniambie unachokiona."

Ndeshi alitazama. Hakutazama gari wala mlima. "Bega la kushoto," alisema. "La kulia liliumia alipoanguka kutoka juu ya mparachichi, mwaka wa kuzaliwa kitinda mimba wetu. Tangu hapo jembe ni kushoto." Aliweka kiganja juu ya kivuli, taratibu, kama mtu anayempima mgonjwa homa. "Huyu ni Yoeli."

Ndipo Hedwiga akampa picha nzima, aliyoisafishisha Jumapili. Ndeshi aliishika kwa ncha za vidole. Machozi yalimshuka bila sauti; na Hedwiga, ambaye kazi ilimfundisha kutazama kando nyakati kama hizo, safari hii hakutazama kando. Alilia naye.

"Siku ya kuzika mchungaji aliuliza picha ya kuweka juu ya jeneza," Ndeshi alisema baadaye. "Hatukuwa nayo. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, hatukuwahi kupiga hata moja. Tukaweka kitabu chake cha nyimbo." Aliifuta picha kwa upindo wa khanga, akaikumbatia. "Nakushukuru, mwanangu."

Hedwiga alimshika mkono. "Mama, hii ni kielelezo. Inabidi ibaki mahakamani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi yao iishe."

"Itaisha lini?"

Hedwiga alinyoosha mkono. Ndeshi aliirudisha picha bila kubishana, na hilo likamuuma Hedwiga kuliko kama angebishana.

Saa tatu karani aliwaita. Ndeshi aliapishwa, akasema mambo yale yale kwa maneno yale yale, na mwendesha mashtaka akaondoa shauri dhidi ya Lemburis. Haikuchukua hata nusu saa. Walipotoka, Lemburis alikuwa amesimama ngazini kama mtu asiyejua atumie mguu gani kwanza, na chini Namnyaki akimngoja na kibuyu chake. Alipomwona mama mwenye nguo nyeusi, aliinamisha kichwa mbele yake.

"Yeyo," alisema, kwa neno la kwao la kumwita mama, "pole sana na msiba."

Ndeshi alimtazama. Wiki mbili alikuwa amemlaani mtu huyu kila alipoinuka na kila alipolala. "Kamba ulishika vizuri?" aliuliza.

"Vizuri, yeyo. Mpaka gari la mwisho."

"Basi nisamehe." Alimgusa kichwani, mara moja. "Nenda. Mkeo anakungoja na maziwa."

Lemburis alishuka ngazi. Hedwiga alibaki na bango mkononi, hajui alipeleke wapi. La kesi lilikuwa limeshapokelewa, na haya mengine yalikuwa maelfu mjini.

"Hilo nalo ni la mahakama?" Ndeshi aliuliza.

"Hapana, mama. Hili halina kazi."

"Nipe."

Aliketi kwenye ngazi akalitandaza magotini. Alilikunja gari likaenda nyuma, akaukunja mlima, akayakunja yale maandishi makubwa, akibonyeza kila mkunjo kwa kucha ya dole gumba, mpaka mbele pakabaki kipande kidogo cha barabara na kivuli cha mtu mwenye jembe. Akakitia kifuani, akavaa viatu, akamuuliza Lesian kama wangefika Kikwe kabla ya saa tisa, maana leo ilikuwa zamu yao ya maji.